Siku Sita za Parokia

Msafiri atokaye mji wa Embu kwenda Meru kwa barabara ipitayo mashariki ya Mlima Kenya huhesabu mito hata akachoka. Kila baada ya mwendo mfupi barabara huteremka bondeni, huvuka daraja, kisha hupanda tena mgongo mwingine wa nchi uliojaa kahawa na migomba. Mto Thuci ndio mpaka unaojulikana sana kati ya nchi ya Embu na nchi za Wameru, lakini mbele yake na nyuma yake iko mito mingine mingi, mikubwa kwa midogo, yote ikishuka kutoka mlimani kwenda kuungana na Tana.

Nimeanza na mito kwa sababu hiyo ndiyo iliyoamua, kuliko amri ya askofu yeyote, jinsi Kanisa Katoliki lilivyokaa katika nchi hii. Padre mmoja hawezi kuwa katika migongo kumi ya nchi asubuhi moja. Parokia ina kanisa lake kubwa, penye nyumba ya mapadre, na mara nyingi shule na zahanati. Lakini ng'ambo ya kila bonde kuna kigango, yaani kanisa dogo la watu wa upande ule. Padre hukifikia kigango kwa zamu, pengine mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine zote watu hukusanyika, huimba, husikiliza Injili na hutoa sadaka yao bila padre. Siku zilizobaki za juma, kuanzia Jumatatu hata Jumamosi, parokia huwa mikononi mwa watu ambao majina yao ni nadra kuandikwa katika vitabu. Vitabu vya historia ya Kanisa vina maaskofu wengi na tarehe nyingi. Katika kurasa hizi tarehe zitakuwapo, kwa kuwa historia bila tarehe ni ngano. Lakini nataka tuzitazame zaidi siku sita ambazo kengele ya Misa kuu hailii.

Juma lenyewe lilikuwa mgeni mlimani. Wazee wa kale walihesabu wakati kwa misimu miwili ya mvua, kwa zamu za masoko, na kwa marika ya watu waliotahiriwa pamoja. Hesabu ya siku saba iliingia kutoka nje, nayo ilipitia njia mbili. Tazama majina ya siku katika Kiswahili: Jumamosi ni siku ya kwanza baada ya Ijumaa, Jumapili ni ya pili, Jumatatu ni ya tatu. Hesabu hiyo ni ya Waislamu wa pwani, ambao siku yao kuu ni Ijumaa. Ilipopanda bara, Wakikuyu, majirani wa Waembu, waliipokea wakaigeuza kidogo tu, wakasema Njumatatũ na Njumaine. Jumapili, hata hivyo, waliipa jina lake, Kiumia. Basi Mkristo wa mlimani huhesabu siku zake za kazi kwa hesabu ya msikiti na kupumzika kwa jina la kwao, wala sijasikia padre hata mmoja aliyelalamika.

Wamisionari Wakatoliki waliofika upande huu walikuwa wa shirika la Consolata, lililoanzishwa Turin, Italia, mwaka 1901 na Padre Giuseppe Allamano, ambaye mwezi wa Oktoba 2024 alitangazwa kuwa mtakatifu. Wanne wa kwanza, mapadre wawili na mabruda wawili, walifika Tuthu katika nchi ya Murang'a mwishoni mwa Juni 1902, kwa mtemi Karuri wa Gakure, na tarehe 29 Juni Misa ikasomwa huko. Miaka miwili baadaye, Machi 1904, wamisionari walikutana Murang'a wakashauriana namna ya kufanya kazi. Maazimio yao yafaa kukumbukwa, kwa maana juma la parokia lilizaliwa hapo. Hawakukubali kukaa misheni wakingoja watu waje. Waliazimu kwenda vijijini kuwatembelea watu majumbani mwao, kuwatibu wagonjwa, kufungua shule, kufundisha kazi za mikono, na zaidi ya yote kuwalea makatekista wenyeji. Kabla ya kuwapo umati wa kuijaza Jumapili, tayari kulikuwapo mpango wa siku za kazi.

Mwaka 1911 wakaingia nchi ya Meru. Hawakuwa peke yao. Waanglikana walikuwa wamekwisha fungua kituo Kigari, karibu na Embu, mwaka 1910; Wamethodisti walifika Kaaga, Meru, mwaka 1912; na Kanisa la Uskoti likajenga Chogoria mwaka 1922. Kila misheni ilikuwa na upande wake wa nchi. Ndiyo sababu mara nyingi dhehebu la mtu wa leo liliamuliwa na mto uliopita chini ya shamba la babu yake, wala si kwa hoja za wanatheolojia. Mwaka 1926 Meru ilifanywa Prefektura ya Kitume, na mwaka 1953 ikawa jimbo kamili. Askofu wake wa kwanza, Lorenzo Bessone, aliteuliwa mwaka uliofuata.

Sasa tumtazame katekista, maana ndiye aliyelishika juma. Katika miaka ile ya mwanzo alikuwa kijana aliyejifunza kusoma misheni, akarudishwa kwao na kitabu cha katekesimu, ubao, na ujira mdogo, pengine bila ujira wowote. Nyumba moja yenye kuta za udongo na paa la nyasi ilikuwa shule siku za kazi na kanisa siku ya Jumapili. Asubuhi alifundisha watoto herufi. Jioni, watu wazima walipotoka mashambani, aliwafundisha maswali na majibu ya imani hata wakayajua kwa moyo. Misa yenyewe ilikuwa kwa Kilatini, lugha ambayo katekista aliitikia vizuri na kuifahamu kidogo. Lakini mafundisho, mausia na mapatanisho yote yalikuwa kwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo, ingawa altare ilikuwa ya padre, maelezo yote yalikuwa ya katekista. Watu waliwaita Wakristo wale athomi, yaani wasomaji, na jina hilo laonyesha kwamba machoni pa majirani kusoma na kusali vilikuwa kitu kimoja.

Kazi yake nzito kuliko zote haikuwa kufundisha. Ilikuwa kuzika.

Kijana wa leo, aliyezoea kuona mazishi yenye hema, vipaza sauti na msururu wa magari, hana budi kujua jambo hili. Zamani, katika jamii nyingi za mlima huu, waliozikwa kaburini walikuwa wachache, hasa wazee wenye heshima. Wengine, walipofariki au walipokuwa karibu kufariki, walipelekwa porini, na fisi wakamaliza kazi. Huo haukuwa ukatili. Kifo kiliaminika kuleta unajisi, na mtu aliyegusa maiti alijiletea hatari yeye na nyumba yake, na mifugo yake pia, mpaka atakaswe kwa sadaka ya mnyama. Lilikuwa jambo la sheria na hofu, na mtu hakulichezea.

Kisha yakaja mafundisho kwamba mwili wa Mkristo hulazwa ardhini kwa sala, kwa kuwa utafufuka. Ni rahisi kulikiri fundisho hilo ukiwa umeketi benchini. Ni jambo jingine kushika jembe, kuchimba shimo, na kumbeba kwa mikono yako mwenyewe jirani aliyekufa usiku, huku baba zako wamesimama mbali wakikutazama kama mtu aliyejitia laana. Padre alikuwa mgeni. Hakuwa na mbuzi wala ukoo wa kuogopea. Katekista na wasomaji wenzake walikuwa na vyote viwili. Mafua makali ya mwaka 1918 na 1919 yalipoenea Kenya na kuua watu wengi, pamoja na njaa iliyokuwapo wakati ule, makaburi yaliyohitajika yalikuwa mengi kuliko mikono. Mimi naamini kwamba watu wengi wa migongo hii walianza kuwaamini Wakristo walipoona kwamba waliogusa maiti Jumatatu walikuwa wazima Jumatatu iliyofuata. Hakuna hati inayoweza kunithibitishia jambo hilo. Lakini anayewajua watu wetu hatalikataa kwa haraka.

Haifai kusimulia haya kana kwamba kila kitu kilikwenda vema. Usomaji uliwatenga ndugu. Mwana aliyekataa kuchinja mbuzi wa kutakasa nyumba ya baba yake aliacha jeraha lisilopona upesi, na magomvi juu ya tohara ya wasichana, yaliyowaka nchi yote ya mlima tangu mwaka 1929, yaligawa familia na kuzaa shule na makanisa yaliyojitenga na misheni.

Ikaja tena Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Waembu na Wameru waliwekwa katika kundi moja na Wakikuyu kwa amri za serikali, na tangu mwaka 1954 familia nyingi ziliondolewa mashambani zikasongamanishwa katika vijiji vyenye ulinzi. Kulikuwa na saa za kutotoka nje, na kwenda ng'ambo ya mto kulitaka kibali. Juma la kigango likavunjika: mkutano wa jioni ulitiliwa shaka, wimbo wa usiku uliweza kumfikisha mtu kizuizini. Mkristo aliyekataa kiapo alishukiwa na wapiganaji wa msituni. Aliyekula kiapo alishukiwa na serikali. Na walikuwapo waliokula kiapo na hata hivyo wakajihesabu Wakristo, wakiona hakuna ubaya katika kudai ardhi. Mwanahistoria awe mwangalifu asiwagawe watu wale makundi mawili, wema na wabaya. Wengi walikuwa wakitafuta namna ya kufikia asubuhi.

Pamoja na hayo, mambo mawili yaliyotoka nje ya mlima yalikuja kuligeuza juma la parokia, ingawa hayakufanana. La kwanza ni Jeshi la Maria. Chama hiki cha walei kilianzishwa Dublin, Ireland, mwaka 1921, nacho kikaletwa Afrika Mashariki na binti mmoja mdhaifu wa afya, Edel Quinn, aliyefika Nairobi mwaka 1936 akiwa na ugonjwa wa mapafu. Alisafiri huku na huku katika nchi hizi akianzisha vikundi, hata akafariki Nairobi tarehe 12 Mei 1944. Msomaji asikichanganye na Kanisa la Legio Maria lililozaliwa katika nchi ya Wajaluo miaka ya 1960; majina yanakaribiana lakini nyumba ni mbili. Kanuni ya Jeshi la Maria ni nyepesi kusema na ngumu kushika: kila juma kikundi hukutana siku ileile, saa ileile, na kila mwanachama hupewa kazi, kama vile kumtembelea mgonjwa au aliyeacha kusali, na juma lifuatalo husimama akatoa habari ya kazi ile. Asiyeifanya husema sikuifanya. Kwa watu wa kawaida wasio na cheo, ambao hapo awali walikuwa wakisikiliza tu, kusimama na kutoa taarifa kulikuwa shule ya namna yake.

La pili ni jumuiya ndogo ndogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliruhusu, mwezi wa Desemba 1963, lugha za watu zitumike katika ibada, na ngoma zilizokuwa zimefukuzwa mlangoni zikarudi taratibu kupitia kwaya. Kisha maaskofu wa Afrika Mashariki na nchi jirani waliamua katika mkutano wao wa mwaka 1973, na kukazia katika ule wa mwaka 1976, kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo za jirani, ambamo watu hujuana kwa majina. Baadhi ya watu wa nje walidhani hilo ni jambo jipya kabisa. Mtu wa kigango angeweza kuwaambia kwamba yeye na jirani zake walikuwa wakikutana chini ya paa la nyasi kabla maaskofu hao hawajazaliwa. Kilichokuwa kipya ni kupewa jina na baraka.

Jumuiya, basi, ni nyumba chache za mgongo mmoja wa nchi, zilizojitia chini ya mtakatifu fulani. Siku yao ya kukutana katika juma huchaguliwa na wenyewe, nayo hupokezanwa nyumba kwa nyumba, ili tajiri na maskini wote wapate kukaribisha. Mwenye nyumba hupanga viti, na vikipungua, mabenchi na magunia. Husomwa Injili ya Jumapili ijayo. Kila anayetaka husema neno lililomgusa. Mara nyingi bibi asiyejua kusoma huwashinda waliosoma, kwa kuwa yeye amesikiliza. Baada ya sala huja mambo ya dunia: nani ni mgonjwa, mtoto wa nani amekosa karo, zamu ya kufagia kanisa ni ya nani, mchango wa paa umefika wapi. Watoto wana chama chao cha Utoto Mtakatifu, wanawake wana chama chao, na wanaume wana chao ambacho huchelewa kuanza. Hapo niseme wazi jambo ambalo husemwa kwa chini. Katika jumuiya nyingi waliohudhuria ni wanawake, na mwenyekiti ni mwanamume. Wao hupika, hutembelea wagonjwa, hukusanya mchango. Yeye husoma taarifa siku ya Jumapili. Mabadiliko yameanza katika halmashauri za parokia, lakini polepole.

Mazao nayo yana sauti katika juma. Embu na Meru zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako serikali ya kikoloni, katikati ya miaka ya 1930, iliwaruhusu Waafrika kupanda kahawa, na tangu hapo malipo ya kahawa yanajulikana hata katika kapu la sadaka. Pasipo fedha, watu huleta ndizi, mahindi, mayai na kuku. Baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada mlangoni mwa kanisa, na kuku mmoja aweza kununuliwa na kutolewa tena mara tatu, mpaka awe na thamani ya mbuzi. Upande wa Igembe na Tigania kuna miraa, zao lisilojua Sabato. Miraa iliyochumwa leo lazima ifike sokoni ingali mbichi, na gari lake halingoji mtu amalize kusali. Huko Jumapili hushindana na mteja, wala haishindi kila mara.

Huko huko Nyambene, sehemu ambayo chini ya milima maji ni haba, alifanya kazi Bruda Giuseppe Argese wa Consolata, Mwitaliano aliyefika Kenya katika miaka ya 1950. Wameru walimwita Mukiri, maana yake mtu mkimya. Alikinga maji ya msitu wa Nyambene na kuyateremsha kwa mabomba, yakienda kwa uzito wake yenyewe bila mashine ya kusukuma, hata makao ya watoto wenye ulemavu ya Tuuru na maelfu ya watu wa nchi kavu ya chini yakapata maji. Alifariki mwaka 2018. Bruda hasomi Misa wala haungamishi watu. Kazi yake yote ilikuwa ya siku za juma. Nadhani hata hospitali za Consolata za Nkubu na Kyeni zafaa kutazamwa hivyo: hizo nazo ni parokia isiyolala Jumatatu.

Jimbo la Embu lilitengwa na Meru mwaka 1986, chini ya Askofu John Njue, ambaye mwaka 2007 alifanywa Kardinali, naye ni mzaliwa wa upande huo. Isiolo nayo ilitengwa na Meru mwaka 1995. Mapadre ambao zamani walitoka Italia sasa hutoka katika vigango hivi hivi, na wengine hutumwa ng'ambo. Parokia zimegawanywa zikagawanywa tena. Hata hivyo vigango bado vinawazidi mapadre kwa mbali, na migongo ya nchi iko palepale.

Siku ya Jumamosi ndiyo siku ninayoipenda. Wanawake wa zamu huja na mifagio na maji ya kuosha sakafu; watoto wa katekesi hukaa chini ya mti wakijibu kwa sauti moja; kwaya hurudia ubeti uleule mara kumi, kwa kuwa sauti ya nne imekosea. Lakini mtu akifa, yote hayo husimama. Habari hupita nyumba kwa nyumba, na kila jioni mpaka siku ya mazishi jumuiya hukutana uani kwa wafiwa: rozari, wimbo, chai, kisha daftari la michango na karatasi ya zamu. Hapo hawaulizani nani ataogopa. Vijana wa jumuiya hufika mapema na majembe na sululu, wakavua makoti, wakachimba kwa kupokezana, wawili ndani na wengine ukingoni, wakitaniana kidogo kama vijana walivyo. Mzee mmoja hupima urefu kwa fimbo. Katekista amesimama kando, kitabu chake kimefungwa kwa raba kisipeperushwe kurasa na upepo, akisikiliza kama gari linapanda kutoka mtoni. Padre afikapo, kaburi liko tayari.